Elfu moja ya vocha inaenda wapi? Jibu kwa muuza chapati wa Tandika

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi nauza chapati na maharage hapa Tandika. Wateja wangu wengi ni mafundi na wenye maduka, wanaagiza kwa WhatsApp na kunilipa kwa simu. Nina simu kubwa na laini mbili. Zamani bando la elfu moja lilinifikisha kesho yake na likabaki. Sasa najiunga asubuhi la 1,000 la saa 24, saa kumi jioni limekata, naongeza la 500. Juzi nimeweka vocha ya 1,000, kuangalia salio nakuta 450. Sijapiga simu wala sijafungua mtandao. Mume wangu anasema kampuni zinatuibia, shoga yangu anasema ni tozo za serikali. Nani mkweli? Na je, nirudi kwenye kitochi niachane na mambo haya?

Jibu: Dada yangu, pole kwa moto wa jiko. Kabla ya kukujibu nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya hayo uliyoandika. Elfu moja kila asubuhi kwa siku 30 ni 30,000. Mia tano kila jioni ni 15,000. Jumla ni 45,000 kwa mwezi, na hapo bado hatujagusa makato ya kutuma na kutoa pesa. Kama chapati moja unauza 300, simu yako inakula chapati 150 kila mwezi. Kwa mtu anayeamka saa kumi usiku kukanda unga hiyo si pesa ya kuachia hivi hivi, kwa hiyo niruhusu nijibu kwa kirefu.

Miaka yangu sita ya mwanzo kazini niliimalizia kwenye chumba cha kupokea simu za wateja, katika kampuni moja ya simu hapa mjini. Lalamiko nililolipokea kuliko yote ni hilo lako: salio langu limeenda wapi? Mbele yangu palikuwa na skrini inayoonyesha kila shilingi ya mteja ilikatwa saa ngapi na kwa kitu gani. Mara chache sana nilikuta pesa imekatwa kimakosa. Mara nyingi ilikatwa kwa kitu ambacho mteja alishakikubali bila kujua kwamba amekikubali. Mume wako ana haki ya kukasirika, lakini neno wizi linawafanya watu wakate tamaa na kuacha kutafuta tundu lilipo, na matundu mengi unaweza kuyaziba mwenyewe ukiwa umekaa kibarazani.

Tuanze na zile 450, maana ndizo rahisi. Siku moja au mbili kabla ya kuweka ile vocha, bando lilipokata jioni, hukukopa salio? Watu wengi hukopa na kusahau, kwa sababu ule ujumbe wa "umeishiwa salio, kopa sasa" huja wakati mtu ana haraka, akabonyeza moja na kuendelea na shughuli zake. Ukikopa 500 na ada ikawa asilimia 10, deni ni 550. Unapoweka 1,000, deni linajilipa lenyewe kabla hujagusa chochote, na kinachobaki ni 450 kamili. Hesabu yako imeangukia hapo hapo, ndiyo maana nashuku mkopo kuliko kitu kingine chochote. Asilimia 10 inaonekana ndogo, lakini fikiria ni mkopo wa siku mbili. Ukimkopesha jirani unga kwa masharti hayo, mtaa mzima utakusema. Ushauri wangu ni uulipe kisha usikope tena, hata kama ina maana ya kukaa bila bando hadi asubuhi. Bando la mkopo ndilo ghali kuliko yote uliyowahi kununua.

Kama una uhakika hukukopa, tuhuma inayofuata ni huduma za kulipia zinazojikata zenyewe: nyota za kila siku, matokeo ya mpira, mistari ya dini, chemsha bongo, na ule wimbo anaousikia mtu anapokupigia kabla hujapokea. Nyingine hukata 100 kwa siku, nyingine 200, nyingine kwa wiki. Mtu hujiunga bila kujua: ujumbe unatokea katikati ya kioo, chini yake kuna neno la kukubali, mtoto anacheza na simu, kidole kinagusa. Mama yangu mzazi, anayeishi kijijini Tanga, alikatwa 100 kila siku kwa zaidi ya mwaka kwa ujumbe wa nyota. Hajawahi kusoma hata mmoja, kwa sababu macho yake hayasomi maandishi ya simu. Nilipokuja kugundua, zilishamtoka zaidi ya 40,000. Na mimi wakati huo nilikuwa nafanya kazi ya simu! Nimebaki na hasira hiyo hadi leo, na kila ninapokutana na simu ya mzee naiomba niikague.

Hivyo leo leo, kabla ya kufanya lolote lingine, piga 100, namba ya huduma kwa wateja, kwa laini moja kisha kwa nyingine. Usiulize "kwa nini mnanikata", maana utajibiwa maelezo ya jumla. Sema hivi: "Nisomee huduma zote za kulipia ambazo laini hii imejiunga, uziondoe zote, kisha uniambie kama nina deni la salio." Akimaliza, omba namba ya kumbukumbu ya mazungumzo hayo na uiandike pamoja na tarehe. Nitakueleza baadaye kwa nini namba hiyo ina thamani.

Sasa shoga yako na tozo. Amesema kweli, ila kodi haifanyi kazi jinsi anavyodhani. Huduma za simu Tanzania Bara zinabeba kodi mbili kubwa: ushuru wa bidhaa, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 17, na kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 18 inayokaa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru ndani yake. Yaani kodi inatozwa juu ya kodi. Kwa viwango hivyo, katika kila 1,000 unayotumia, takriban 153 ni VAT, 123 ni ushuru, na kampuni inabaki na 724 hivi ya kuendesha minara, kulipa wafanyakazi na kupata faida. Zaidi ya robo ya bando lako ni kodi. Viwango hivi hupangwa bungeni kupitia Sheria ya Fedha kila mwezi Juni, kwa hiyo wakati wa bajeti ni wakati wa kusikiliza redio hata kama siasa huzipendi.

Lakini kodi hizo zimo ndani ya bei ya bando tangu mwanzo. Hazisubiri uingize vocha ndipo zikwangue nusu yake. Watu wengi Dar wana jeraha la mwaka 2021, pale zilipokuja kwa mkupuo mmoja tozo ya miamala ya simu, iliyoanza Julai 15 mwaka ule, na tozo ya laini iliyokatwa mtu anapoongeza salio. Ile ya miamala ilifika hadi 10,000 kwa muamala mkubwa. Kelele zilikuwa nyingi, Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi 4,000. Ile ya laini ilikuwa ya shilingi chache hadi mia mbili na kitu kulingana na ukubwa wa vocha. Hata kwa kiwango chake cha juu kabisa, isingeweza kula 550 kwenye elfu moja yako. Na kwa wanaodhani kelele za wananchi hazisikiki: mwaka 2013 Bunge lilipitisha kodi ya laini ya 1,000 kwa mwezi kwa kila laini. Watu walipiga kelele hadi ikafutwa.

Twende kwenye bei yenyewe, maana hujakosea kuhisi kwamba elfu moja ya leo si ya zamani. Ulichokizoea zamani kilikuwa vita. Kampuni zilikuwa zinagombania wateja, kila moja inatoa dakika na MB kwa bei ambayo zenyewe zilijua haidumu. Kisha Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikaweka mipaka. Katika mvutano wa bei za bando wa mwaka 2021 na 2022, mipaka iliyotajwa ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Wengi walisikia ile ya juu tu. Mimi naona ile ya chini ndiyo iliyobadilisha maisha yako, kwa sababu inamaanisha kampuni hairuhusiwi kuuza chini ya hapo hata ikitaka. Sababu ya kuiweka ni kwamba mwenye mtaji mkubwa akiuza kwa hasara kwa mwaka mmoja, wadogo wanafunga maduka, kisha anabaki peke yake na kupandisha anavyotaka. Ni sababu ya maana. Ila aliyezoea ofa za vita aliona tu bando lake limesinyaa.

Unakumbuka Aprili 2021? Vifurushi vipya vilianza tarehe 2, watu wakaamka na kukuta MB zimepungua kwa pesa ile ile, mji mzima ukalalamika na serikali ikasitisha mabadiliko yale haraka. Hata hivyo bei hazikurudi kuwa zile za enzi ya vita. Katikati yake shilingi yetu nayo ilishuka, kutoka takriban 2,300 kwa dola moja hadi zaidi ya 2,600 mwaka 2024, na mitambo ya minara hainunuliwi kwa shilingi. Nayasema haya ili ujue kwamba kuna sehemu ya bei ambayo hata ukiandamana mpaka Posta haitashuka kesho. Kwa hiyo tushughulike na ile iliyo mikononi mwako, ambayo kwa hesabu zangu ni kubwa kuliko zote.

Wewe ni mtu wa unga, utanielewa. Anayenunua unga kilo moja moja dukani na anayenunua kiroba cha kilo 25 hawalipi bei sawa kwa kilo. Bando la saa 24 ni unga wa kupima. Tena lina ubaya ambao unga hauna: unga usipoisha leo utaupika kesho, bando likifika saa yake linakufa hata kama lina MB ndani. Kwa hiyo ukinunua bando dogo unalipia MB kwa bei ya juu, na juu yake unalipia muda. Watu wa kipato cha siku kwa siku ndio wanaonunua bando za siku kwa siku, na ndio wanaolipa ghali kuliko mwenye mshahara anayejiunga mara moja kwa mwezi. Jambo hili linaniuma, na sijaona kampuni yoyote ikilitetea kwa hoja inayoniingia akilini.

Njia ya kujua bei halisi ni kugawanya tu. Chukua bei ya bando, gawa kwa MB zake. Tuseme bando la siku la 1,000 lina MB 250: hapo MB moja ni shilingi 4. Tuseme la wiki la 5,000 lina GB 2, yaani MB 2,000 hivi: MB moja ni shilingi 2.50. Namba hizo ni za mfano, menyu ya mtandao wako itakupa za kwako. Kwa ile mipaka niliyoitaja, elfu moja inaweza kununua kuanzia MB 107 hadi MB 493 hivi. Ona tofauti hiyo ilivyo pana, na yote ni halali! Kwa hiyo usijiunge kwa mazoea. Kabla ya kubonyeza, pitia pia ile sehemu ya ofa zako maalumu kwenye menyu, kwa sababu bei hutofautiana kati ya laini na laini, hata za watu wa nyumba moja. Na angalia bando limegawanywaje. Kama linakupa dakika 40 na SMS 100 ambazo huzigusi, hizo nazo umezilipia, na wewe biashara yako iko WhatsApp.

Najua utaniambia 5,000 kwa mkupuo haipatikani. Weka kopo. Kila asubuhi, badala ya 1,000 yote, tafuta bando dogo la 500 na 500 nyingine itumbukie koponi. Siku kumi una 5,000, unahamia kwenye la wiki, na kuanzia hapo unaweka 750 kwa siku kusubiri la wiki inayofuata. Siku hizo kumi za mwanzo zitakubana. Baada ya hapo unakuwa mbele ya bando lako badala ya kulikimbiza.

Lakini usinunue la wiki kabla hujaziba simu yenyewe, la sivyo GB 2 zitaisha siku ya pili utanilaumu mimi. Simu kubwa inatumia mtandao hata ikiwa mfukoni mwa kanga. Unasema "sijafungua mtandao", nami nakuamini, ila data ikiwa imewashwa simu yenyewe imeufungua. Iko kwenye kusasisha programu, kupandisha picha zako kwenye hifadhi ya mbali, na kupakua kila video inayorushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Ingia WhatsApp, kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data. Utakuta simu imeruhusiwa kupakua yenyewe picha, sauti, video na nyaraka unapotumia data. Ondoa alama zote. Kuanzia hapo video ya harusi ya kundi la ukoo itakuja na ukungu, ukitaka kuiona unaigusa, usipotaka haikugharimu. Hapo hapo kuna kitufe cha kupunguza matumizi ya data kwenye simu za WhatsApp, kiwashe. Kisha nenda Play Store, mipangilio, ziagize programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Mwisho fungua mipangilio ya simu yenyewe, sehemu ya matumizi ya data. Utaona orodha ya programu na kila moja imekula kiasi gani mwezi huu. Mlaji wa kwanza na wa pili ndio wa kushughulika nao, wengine waache.

Mara nyingi mlaji wa kwanza ni video fupi. Saa moja ya kupandisha kidole, video moja baada ya nyingine, inaweza kumaliza MB mia kadhaa, yaani bando lako zima la siku. Sisemi usitazame, mtu aliyesimama jikoni tangu alfajiri ana haki ya kucheka jioni. Nasema ujue kwamba wateja wako kumi wakikutumia oda kwa maandishi na sauti, wote kwa pamoja hawafikii MB tano. Biashara yako haili bando. Kinacholila ni kingine, na sasa una orodha ya kukitaja kwa jina.

Kuna tundu jingine hapa. Bando likikata huku data imewashwa na kuna salio kwenye laini, simu inaweza kuendelea kula salio kwa bei ya nje ya kifurushi, na salio la elfu moja huyeyuka ukiwa unageuza chapati. Kanuni za mwaka 2021 zilizitaka kampuni zikupe taarifa bando likifika asilimia 75 na likiisha lote, zisikate salio lako nje ya kifurushi bila ridhaa yako, na zikuwezeshe kumhamishia mtu wa mtandao huo huo bando usilolimaliza. Kwenye menyu ya kila mtandao pana sehemu ya kuzima matumizi ya data nje ya kifurushi. Izime. Na jenga tabia ya kutoacha salio limelala: nunua bando moja kwa moja kutoka kwenye pesa ya simu, kiasi kamili, laini ibaki sifuri.

Kuhusu laini mbili. Zamani zilikuwa na maana, kwa sababu kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kila mtu akatembea na laini ya huku na ya kule. Sababu ya ughali ule ilikuwa malipo ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kumpokelea simu. TCRA imeyashusha mwaka hadi mwaka: mwaka 2018 yalikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, mwaka 2022 yakafika shilingi 2. Ndiyo maana leo dakika za mitandao yote zimejaa kwenye menyu. Kama laini yako ya pili unaiwekea bando kwa mazoea tu, iache iwe ya kupokea. Chagua moja ya kununulia bando, na uichague kwa mtandao unaoshika vizuri hapo unapouzia na nyumbani. Bando la bei nafuu kwenye mtandao unaosuasua ni hasara, kwani picha ya menyu yako ikikwama katikati simu inaanza kuituma upya. Na kama mtandao mzuri siyo ule wenye namba wanayoijua wateja wako, tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao bila kubadili namba. Hakikisha tu huna deni la salio wala mkopo, na utoe pesa zako zote kwenye akaunti ya simu kabla ya kuhama. Ukiwa hapo, piga *106# ukaangalie laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe.

Hukuniuliza kuhusu pesa za simu, lakini umesema wateja wanakulipa huko, na mimi ndipo ninapoona pesa nyingi ikimwagika kwa wafanyabiashara wa Tandika, Mbagala na Manzese. Makato ya kutoa yamepangwa kwa ngazi, kwa hiyo ukitoa kidogo kidogo unalipa asilimia kubwa. Anayetoa 3,000 asubuhi ya mafuta, 5,000 mchana ya unga na 2,000 jioni ya mkaa ameukata mti uleule mara tatu. Simama mbele ya bango la makato kwa wakala wako, tafuta mstari wa 10,000, kisha jumlisha mistari ya hizo tatu. Tofauti utaiona mwenyewe. Afadhali zaidi ni kutotoa kabisa: muuza unga wako wa jumla ana lipa namba? Mlipe hapo hapo pesa ikiwa bado kwenye simu. Na wewe mwenyewe omba lipa namba badala ya kupokelea kwenye namba yako ya kawaida. Uliza kwanza mambo mawili: mteja anakatwa kiasi gani, na wewe unakatwa kiasi gani unapoihamisha. Majibu hutofautiana kutoka mtandao hadi mtandao, usiridhike na "hakuna makato" ya mdomoni, omba uonyeshwe jedwali.

Kuna na desturi yetu ya "nitumie na ya kutolea". Ni ustaarabu mzuri, sitaki ife, maana mama kijijini asipoongezewa ya kutolea msaada unampungukia. Ila kwa mtu wa mjini anayeweza kulipia luku, maji au ada ya shule moja kwa moja kwa simu, muulize anataka pesa ya nini. Kama ni luku, mnunulie tokeni umtumie. Mmekwepa makato ya kutoa, na undugu umebaki pale pale.

Nikirudi kwenye ile namba ya kumbukumbu. Ukipiga 100 wakakwambia hukukopa, hukujiunga na chochote, na 550 hazionekani zilikoenda, basi hapo mume wako ana hoja, na usiiache. Nenda kwenye duka la huduma la kampuni yako na ile namba, omba taarifa ya matumizi ya laini kwa siku ile, na peleka lalamiko kwa maandishi, wakugongee mhuri kwenye nakala yako. Wasipokujibu au jibu lisipokuridhisha, lalamiko lile lile unalipeleka TCRA, ofisi zao ziko Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Watakachokuuliza kwanza ni kama ulianza na kampuni, na ndipo ile namba na ule mhuri vinapokubeba. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mtumiaji. Najua utasema nani apande daladala kwa ajili ya 550. Nilipokuwa kwenye ile skrini niliona kosa moja la mfumo likikata wateja wengi kiasi kidogo kidogo, likagundulika kwa sababu fundi mmoja wa viatu aling'ang'ana na shilingi zake 200. Wote walirudishiwa.

Sasa kitochi. Usirudi. Wateja wako wanaagiza kwa WhatsApp, na mwenzako wa mtaa wa pili mwenye simu kubwa atawachukua ndani ya wiki moja. Ila kama kipo kitochi kizima ndani ya kabati, kitoe, ukiweke ile laini ya pili, ya kupokea simu na ya pesa. Kinakaa na chaji siku tatu, hakipakui kitu, na mtoto akikichezea hakuna ujumbe wa kumjaribu kidole. Simu kubwa ibaki na laini moja yenye bando la wiki, data ikiwashwa saa kumi na moja alfajiri oda zinapoanza kuingia, izimwe saa nne ukishagawa, iwashwe tena mchana. Jaribu hivyo kwa mwezi mmoja huku ukiandika kila shilingi ya simu kwenye lile daftari la madeni ya wateja, ukurasa wa nyuma. Kisha niandikie umetumia ngapi. Mimi nakisia haitafika 25,000, na ningependa sana kuiona hesabu yenyewe kwa mkono wako.